Vipara katika nyasi za bustani: kuzihuisha, kupandikiza vipande au kutandika mikeka?

Kipara katika nyasi za nyumbani huanza na upana wa sahani, na kiangazi kimoja kikipita huwa kimefikia upana wa kitanda. Hapo ndipo mwenye nyumba hujikuta katikati ya ushauri wa aina tatu. Mtunza bustani anamwambia atie mbolea na maji, nyasi zitarudi zenyewe. Jirani anamwambia achomoe vipande kwenye upande uliostawi apandikize. Muuza nyasi wa barabarani anamhakikishia kwamba mikeka ya nyasi ikishushwa asubuhi, jioni bustani itakuwa ya kijani. Wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia kipara tofauti.

Ili ulinganisho uwe wa haki, nitatumia mfano mmoja kwa njia zote tatu: kipara cha mita 3 kwa mita 4, yaani mita 12 za mraba, katika nyumba ya Dar es Salaam au mji mwingine wa pwani. Pale ambapo mambo hubadilika kwa anayeishi Arusha, Nairobi au nyanda nyingine za juu, nitasema.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza, na ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, ni sababu iliyozaa kipara. Chukua bisibisi ndefu, mwagilia mahali hapo, subiri maji yanywee, kisha ichomeke kwa mkono. Ikigoma baada ya sentimita tatu au nne, udongo umeshindiliwa na miguu au magurudumu, na mizizi haina pa kwenda. Kisha shika nyasi za ukingoni mwa kipara uzivute taratibu. Zikiinuka zote kama zulia lisilo na mizizi, fukua kidogo utazame: mara nyingi utakuta mabuu meupe yaliyojikunja kama herufi C, nayo ndiyo yaliyokula mizizi. Doa la manjano lenye duara la kijani kibichi pembeni ni mkojo wa mbwa. Nyasi zilizopungua polepole chini ya mwembe au muarobaini, bila kuungua, zimekosa jua. Ukoko mweupe juu ya udongo ni chumvi, jambo la kawaida kwa wanaomwagilia kwa maji ya kisima karibu na bahari. Usisahau pia chini ya kamba ya nguo, ambako kila Jumamosi humwagwa beseni la maji ya sabuni.

Kuna sababu nyingine isiyoonekana kabisa. Nyumbani kwangu kulikuwa na kipara karibu na mlango wa jikoni nilichokipanda mara mbili, na mara zote mbili nyasi zikashika kwa mwezi mmoja kisha zikakauka. Mara ya tatu nilichukua sururu. Sentimita kumi chini nilikuta bamba la zege, mabaki ya mchanganyiko ambao mafundi walioijenga nyumba waliumwaga hapo na kuufukia. Mbolea yote niliyotia ilikuwa ikinyonywa na jua juu ya jiwe.

Kigezo cha pili ni aina ya nyasi ulizonazo, kwa sababu hazijirudii kwa namna moja. Ukoka wa kawaida, ule wa majani membamba, hutambaa juu ya ardhi na pia una mashina chini ya ardhi. Ukiungua juu, huweza kuchipua kutoka chini. Nyasi za Kikuyu, zilizopewa jina la nyanda za Wakikuyu huko Kenya na kisha zikaenea hadi Afrika Kusini na Australia, nazo hufanya vivyo hivyo, lakini asili yao ni baridi ya milimani na joto la pwani huzichosha. Nyasi za Pemba, zenye majani mapana na bapa, hutambaa juu ya ardhi tu. Huvumilia kivuli kuliko ukoka, na chumvi pia huivumilia, lakini mashina yake yakifa katikati ya kipara, hakuna kilichobaki chini cha kuchipua, na tumaini ni kutoka pembeni pekee.

Vigezo vilivyobaki ni maji, muda, na gharama pamoja na nguvu za mikono. Kwa maji, hesabu ni rahisi: milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyasi zilizokwisha kushika huhitaji takriban milimita 25 kwa wiki wakati wa ukavu, kwa hiyo kipara chetu kitataka lita 300 kwa wiki. Kwa anayepata maji ya bomba siku mbili kwa wiki na kuyahifadhi kwenye tangi la lita 1,000, hiyo si hesabu ya kupuuza.

Njia ya kwanza: kuzihuisha nyasi zilizopo

Namna inavyofanyika. Njia hii haileti nyasi mpya, bali huzifungulia njia zilizobaki. Kwanza kata nyasi zinazozunguka kipara ziwe fupi kuliko kawaida, ikiwa ni ukoka au Kikuyu, na uondoe kwa reki majani makavu yaliyolala chini. Nyasi za Kikuyu hasa hujirundika mpaka ukikanyaga unahisi unatembea juu ya godoro, na chini ya godoro hilo maji hayafiki kwenye udongo. Nyasi za Pemba usizikate namna hiyo, kwani ukizinyoa mashina yake umezinyang'anya akiba yote. Baada ya hapo chukua jembe uma, lizamishe sentimita nane hadi kumi, litikise kidogo kisha lichomoe, na urudie kila baada ya upana wa kiganja hadi eneo lote liwe na matundu. Halafu nyunyiza mchanganyiko wa mchanga na mboji iliyooza vizuri, unene wa nusu sentimita tu, na uusambaze kwa mgongo wa reki uingie matunduni. Kwa mita 12 za mraba hiyo ni lita 60, yaani ndoo tatu za lita 20. Mwisho tia mbolea ya naitrojeni. Kwa aina iitwayo CAN (kalisi amonia naitreti), takriban gramu 20 kwa mita ya mraba zinatosha, nazo ni chini kidogo ya robo kilo kwa kipara chetu. Mwagilia papo hapo, maana chembe zikilala juu ya majani mchana wa jua zitayaunguza.

Maji. Ndiyo njia yenye huruma kuliko zote. Nyasi zilizobaki zina mizizi, kwa hiyo kumwagilia kwa kina mara mbili kwa wiki kunatosha, na ukikosa wiki moja hupotezi kazi yote.

Muda. Kama msimu umewadia, utaona ncha zikianza kutambaa kuingia kwenye kipara ndani ya wiki mbili au tatu. Kipara kikubwa, hata hivyo, kitachukua msimu mzima kufunga, kwa sababu nyasi zinatoka pembeni kuelekea katikati na mita 3 kwa mita 4 ni safari ndefu.

Gharama na kazi. Gharama ni ndogo: mboji, mchanga na mbolea kidogo. Mgongo ndio unaolipa. Kutoboa mita 12 za udongo mgumu kwa jembe uma ni kazi ya asubuhi nzima, na afadhali kuifanya siku moja baada ya mvua.

Inapokwama. Haifai pale ambapo hakuna kilichobaki. Kama zaidi ya nusu ya eneo ni udongo mtupu, mbolea yako italisha magugu yanayosubiri nafasi, na katika bustani za pwani gugu hilo ni ndago kabla ya jingine lolote.

Inamfaa nani. Mwenye nyasi zilizofifia, zenye nafasi za hapa na pale, au kipara kilichotokana na kushindiliwa, aliye na subira na asiye na maji mengi.

Njia ya pili: kupandikiza vipande

Namna inavyofanyika. Hapa unachukua mashina yanayotambaa kutoka upande uliostawi, au unanunua gunia la nyasi, unayakata vipande vya urefu wa sentimita 10 hadi 15 vyenye vifundo viwili au zaidi, na kuvipanda kwenye udongo ulioandaliwa. Kifundo ndicho kinachotoa mizizi, kwa hiyo kosa la watu wengi ni kuchomeka kipande kama mshale, kifundo kimoja tu kikiwa chini na kilichobaki kikiyumba kwa upepo. Chora mfereji wa kina cha vidole viwili, laza kipande, fukia sehemu kubwa ya urefu wake na uache ncha yenye majani ichungulie, kisha kanyaga kwa mguu mtupu ili udongo ushikane nacho. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 20 kila upande, vipande 25 hutosha mita moja ya mraba, na kipara chetu kitataka 300.

Maandalizi ya udongo ndiyo moyo wa njia hii. Lima sentimita 15, toa mawe na mizizi, changanya samadi iliyooza, sawazisha, mwagilia, kisha subiri wiki mbili bila kupanda chochote. Wengi huiona subira hiyo kuwa upotevu wa muda, lakini ndiyo itakayoibua ndago iliyojificha. Utaijua kwa kuzungusha shina lake kati ya vidole, kwani nyasi za kawaida huviringika, ilhali shina la ndago lina pembe tatu unazozihisi. Usiing'oe kwa kuvuta, maana vitunguu vyake vidogo hubaki chini na kuchipua tena. Ifukue pamoja na vitunguu hivyo. Kama umenunua udongo wa lori, subiri kwa makini zaidi, kwa kuwa udongo huo ndio mlango mkuu wa ndago katika nyumba nyingi.

Maji. Kwa wiki tatu za mwanzo udongo wa juu usikauke, na hilo linamaanisha kumwagilia kidogo asubuhi na jioni. Ukitoa milimita 5 kwa siku, ni lita 60 kila siku kwa kipara chetu, yaani ndoo tatu za lita 20. Mvua ikishika, kazi hiyo inafanywa na mbingu, na ndiyo maana wakulima wa nyasi hupanda masika ikianza, kuanzia katikati ya Machi, au vuli inapotulia mwezi Novemba. Kipupwe, kati ya Juni na Agosti, huchelewesha mambo hata pwani. Nairobi, baridi ya Julai huyasimamisha kabisa.

Muda. Katika mvua nzuri, ukoka hufunga eneo ndani ya miezi miwili hadi mitatu. Nyasi za Pemba huenda polepole zaidi, na kwa wenye haraka afadhali kuzipanda kwa nafasi ya sentimita 15. Katika kipindi hicho chote watoto, mbwa na kuku wazuiwe.

Gharama na kazi. Ukiwa na upande uliostawi, nyasi ni bure. Kazi ni nyingi lakini nyepesi, na inaweza kugawanywa: mmoja anakata, mwingine anapanda, mtoto anamwagilia kwa keni.

Inapokwama. Vipande hukauka upesi kuliko inavyodhaniwa. Gunia lililoachwa juani kwa saa chache huonekana bado la kijani, lakini mashina yaliyomo yameshapikika. Lifunike kwa gunia bichi kivulini, na utoe kiasi unachoweza kupanda kwa nusu saa. Mteremko mkali nao ni tatizo, kwani mvua moja kubwa ya masika hubeba vipande na udongo wake hadi getini.

Inamfaa nani. Mwenye kipara kitupu na muda wa kusubiri, anayependa nyasi zilizorekebishwa zifanane kabisa na zilizopo, na anayeweza kuupanga mradi kulingana na mvua.

Njia ya tatu: kutandika mikeka ya nyasi

Namna inavyofanyika. Mikeka ni vipande vya nyasi vilivyokatwa pamoja na udongo na mizizi yake, ambavyo huuzwa kwa mita ya mraba. Udongo wa chini huandaliwa kama katika njia ya pili, ila usawazishwe chini ya usawa wa nyasi zilizopo kwa unene wa mkeka, la sivyo kiraka kitabaki kimeinuka kama kovu na mashine ya kukatia nyasi itakinyoa kila mara. Mikeka hupangwa kama matofali ya ukuta, maungio yakipishana, kingo zikigusana bila kupandana, na mchanga hupigwa kwenye nyufa. Kisha hukandamizwa kwa pipa lililojazwa maji nusu au kwa ubao unaokanyagwa. Agiza asilimia 5 hadi 10 zaidi ya eneo lako, maana pembe na kingo hula vipande.

Kabla ya kulipa, fanya mambo mawili wakati mzigo ungali kwenye gari. Ingiza mkono katikati ya rundo: ukihisi joto, mikeka imekaa muda mrefu na imeanza kuoza, hivyo ikatae. Kisha pindua mkeka mmoja utazame chini yake. Mizizi myeupe ni dalili njema, na shina lolote lenye pembe tatu ni sababu ya kushusha mwingine na kuukagua kwa makini zaidi.

Maji. Njia hii ina kiu kuliko zote katika siku 14 za kwanza. Mwagilia mara tu mkeka unapolazwa, kisha asubuhi na jioni, na saa nane mchana pia kama jua ni la Januari. Baada ya hapo punguza taratibu. Ukikosa maji siku mbili katika wiki ya kwanza, kingo zitajikunja na kukauka, na zikishakauka hazirudi.

Muda. Kijani huonekana siku hiyo hiyo. Kushika kwenyewe huchukua wiki mbili au tatu, nako hupimwa kwa kuinua kona ya mkeka: ikigoma, mizizi imeingia. Kabla ya hapo usikate wala kukanyaga.

Gharama na kazi. Ni ghali kuliko zote, na usafiri unaweza kukaribia bei ya nyasi zenyewe kwa eneo dogo kama letu. Kazi ni nzito lakini ya siku moja.

Inapokwama. Mikeka huficha tatizo vizuri mno. Kivuli kilichoua nyasi za kwanza kitaiua na mikeka, tofauti ikiwa ni kwamba safari hii umelipia. Kadhalika mikeka iliyooteshwa kwenye mfinyanzi ikilazwa juu ya kichanga, mizizi husita kuvuka kutoka udongo mmoja kwenda mwingine. Kuchanganya mboji kwenye sentimita za juu za kichanga hupunguza tatizo hilo.

Inamfaa nani. Mwenye mteremko unaomomonyoka, mwenye shughuli nyumbani baada ya mwezi mmoja, au mwenye watoto na mbwa wasiozuilika kwa miezi mitatu, mradi awe na maji ya uhakika.

Na mbegu je?

Mbegu za ukoka zipo madukani na zinaota, lakini ni ndogo mno, sisimizi huzibeba, mvua huzisogeza, na nyasi zinazoota hazifanani lazima na zile ulizonazo. Kwa uwanja mpya mkubwa na tambarare zinaweza kufikiriwa. Kwa kuziba kipara sioni faida yake mbele ya vipande vya bure.

Uamuzi kwa hali yako

Ikiwa kipara kipo kwenye njia ya mkato kati ya geti na mlango, usichague yoyote kati ya hizi tatu kabla hujakubali kwamba watu wataendelea kupita hapo. Weka pavingi chache zenye nafasi katikati, kisha uhuishe nyasi za pembeni.

Ikiwa kipo chini ya mti na nyasi zako ni ukoka, kupunguza matawi kunaweza kutosha iwapo eneo litapata angalau saa sita za jua. Likishindikana, pandikiza vipande vya nyasi za Pemba na uziache ziwe ndefu, sentimita sita au saba, kwa kuwa katika kivuli jani refu ndilo linalokusanya mwanga.

Ikiwa sababu ni mabuu, shughulika nayo kwanza kwa dawa utakayoelekezwa na duka la pembejeo, subiri muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha pandikiza. Mikeka mipya juu ya mabuu hai ni karamu.

Ikiwa ni chumvi ya maji ya kisima, mikeka inayonyweshwa maji hayo hayo inaweza kukusumbua. Vipande vya nyasi za Pemba vilivyopandwa mwanzoni mwa masika, ili mvua isafishe udongo vinaposhika mizizi, vina nafasi nzuri zaidi.

Ikiwa nyumba ni ya kupanga na mkataba unakaribia kwisha, kuhuisha kunatosha, na mwenye nyumba hatakuwa na la kulalamikia.

Ikiwa una harusi nyumbani mwezi ujao na tangi limejaa, nunua mikeka, iweke angalau wiki tatu kabla ya hema kusimikwa, na mwambie fundi wa hema achomeke vigingi vyake kwenye maungio.

Na ikiwa una kipara zaidi ya kimoja, hakuna sheria inayokulazimisha kutumia njia moja. Mimi mwenyewe, baada ya kulitoa lile bamba la zege, nilitandika mikeka minne tu mlangoni mwa jikoni, ambako hakuna anayeweza kuzuia miguu ya watu, na kilichobaki nikakipanda kwa vipande vilivyotoka nyuma ya nyumba. Wiki ya nne ya mvua vipande vilikuwa vimeanza kuugusa mkeka wa kwanza.